“Kompyuta Zote Zisasishwe”: Uhakiki wa Lugha ya Kuhamia Mfumo Mpya wa Uendeshaji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya Kiswahili inayotumiwa kuagiza ofisi na vyuo kubadili mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kimoja, sasisha, kimebebeshwa matendo matatu yasiyolingana kwa gharama, kwa hatari wala kwa wahusika wake, na kwamba mchanganyiko huo huwaficha watunga sera maamuzi ambayo ni wajibu wao kuyafanya. Makala yanaanza na sentensi moja ya waraka uliotumwa katika idara moja ya lugha jijini Kampala, yanachunguza umbo na maana ya kitenzi hicho, kisha yanaonesha jinsi kila toleo jipya la mfumo linavyoathiri hata tafsiri za Kiswahili zilizokwisha kufanywa. Mwishoni yanapendekeza istilahi tatu zitengwe, na waraka wowote wa kubadili mfumo ujibu maswali matano kabla ya kutiwa saini.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimepewa nafasi rasmi katika nchi na vyombo ambavyo awali vilikitumia kwa nadra katika maandishi ya kiofisi. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Umoja wa Afrika ulikipokea miongoni mwa lugha zake za kazi mwezi Februari 2022. Mwezi Julai mwaka huo huo, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukitumia kama lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi haya yana matokeo ambayo hatujayajadili vya kutosha: lugha inayopewa hadhi ya kiofisi huanza kuandika maagizo, na agizo hutekelezwa kama lilivyoandikwa.

Mijadala yetu kuhusu istilahi za teknolojia kwa kawaida huuliza swali moja, yaani, je, neno lipo? Neno likipatikana, huwa tunaona kazi imekwisha. Tumebishana juu ya kompyuta na tarakilishi, nenosiri na nywila, kana kwamba tatizo pekee ni uteuzi wa jina. Makala haya yanauliza swali la hatua inayofuata: neno ambalo tayari lipo, na ambalo sote tunalikubali, linatufanya tutende nini?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwezi Julai 2015. Kila ofisi iliyokuwa ikiutumia ililazimika kuamua la kufanya. Uamuzi huo unahusu fedha za umma, usalama wa kumbukumbu na maisha ya vifaa ambavyo vingi katika kanda yetu hununuliwa vikiwa vimekwisha kutumika au hupokelewa kama misaada. Hata hivyo, katika nyaraka nyingi uamuzi wote huo huandikwa kwa neno moja tu: sasisha.

2.0 Sentensi moja na matokeo yake

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa wahariri watano wa faharasa ya istilahi katika idara moja ya lugha jijini Kampala. Katikati ya muhula idara ilipokea waraka kuhusu matumizi ya vifaa. Sentensi iliyotuhusu ilikuwa fupi: “Kompyuta zote zisasishwe kabla ya mwisho wa muhula.” Waraka haukutaja mfumo gani uingie, nani afanye kazi hiyo, wala fedha zitoke kifungu gani.

Idara ilikuwa na kompyuta sita. Katibu muhtasi aliusoma waraka kama alivyozoea kusoma ujumbe unaotokea kwenye kioo kila wiki: bonyeza, subiri, washa upya. Akabonyeza. Mashine mbili zilikubali kupokea mfumo mpya. Nne zilijibu kwamba hazikidhi masharti. Fundi alipoitwa alizikagua, akarudi na jibu ambalo sijalisahau: “Mama, hizi nne hazisasishiki.” Katibu akamuuliza, “Sasa mimi niandike nini kwenye taarifa, mwanangu?” Swali hilo halikupata jibu, kwa sababu fomu ya taarifa ilikuwa na safu mbili tu, ya zilizosasishwa na ya zisizosasishwa.

Mojawapo ya mashine mbili zilizokubali haikuwa na nafasi ya kutosha kwenye diski. Fundi alinakili nyaraka zote zilizokuwa katika folda ya kazi, akaifuta mashine, akaiwekea mfumo mpya kuanzia mwanzo. Nyaraka zilirudi salama. Kilichopotea ni orodha ya maneno ambayo wahariri walikuwa wakiifundisha programu ya kukagua tahajia kwa muda wa miaka saba: majina ya mimea na ya samaki wa maziwa makuu, istilahi za sheria, maneno ya Kiswahili yaliyotoholewa kutoka Luganda na Runyoro, na vinyambulisho ambavyo programu ilivipigia mstari mwekundu kila vilipoandikwa. Orodha hiyo haikuwa katika folda ya nyaraka. Ilikuwa imehifadhiwa na programu yenyewe mahali ambapo hakuna mhariri aliyewahi kupafungua. Aidha, kitambazo tulichokuwa tukitumia kuingiza kadi za utafiti wa nyanjani hakikuwa na kiendeshi cha mfumo mpya. Maboksi matatu ya kadi yalibaki chini ya meza hadi muhula uliofuata.

Ingekuwa rahisi kumlaumu fundi au katibu. Lakini wote wawili walitekeleza sentensi waliyopewa. Kwa hiyo ni sentensi yenyewe inayopaswa kuhakikiwa.

Kisarufi, zisasishwe ni kitenzi cha dhamira tegemezi katika kauli ya kutendwa. Muundo huu ni wa kawaida katika lugha ya kiofisi, nao una kazi yake halali: huweka kitendwa mbele na kumwacha mtenda nyuma. Tatizo ni kwamba hapa mtenda hakuachwa nyuma, hakuwapo kabisa. Waraka ulioandika “ada zilipwe” humfanya kila msomaji ajue mlipaji ni nani. Waraka ulioandika “kompyuta zisasishwe” haumwambii yeyote kwamba yeye ndiye mwenye jukumu. Isitoshe, kivumishi zote kinachukulia kwamba mashine zote zina hali moja, ilhali masharti ya mfumo mpya ndiyo hasa yanayozigawa. Wahariri, kadi, kitambazo na orodha ya maneno havikutajwa popote. Katika sarufi ya waraka ule, kompyuta ilikuwa kitu kisichokuwa na mtu wala kazi iliyofungamana nacho.

3.0 Umbo la kitenzi na hukumu iliyomo ndani yake

Kitenzi sasisha kimeundwa kwa njia inayokubalika. Kimechukua kielezi sasa na kukipa kiambishi cha usababishi, kama vile hakika ilivyozaa hakikisha, rahisi ikazaa rahisisha, na fupi ikazaa fupisha. Kwa upande wa uundaji wa istilahi hakina kasoro: ni kifupi, kinanyumbulika vizuri, na kimezaa nomino sasisho na usasishaji bila kulazimisha lugha. Ni miongoni mwa istilahi chache za teknolojia zilizokubalika upande wa Tanzania na upande wa Kenya pia, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kompyuta na tarakilishi.

Lakini vitenzi vya aina hii vina tabia moja ya kimaana. Kinachofupishwa hakikuwa kifupi. Kinachorahisishwa hakikuwa rahisi. Vivyo hivyo, kinachosasishwa hakikuwa cha sasa. Kabla ya tendo kufanyika, kitenzi kimekwisha kukihukumu kifaa kuwa kiko nje ya wakati. Hukumu hiyo huweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, imetolewa na neno, wala haikutokana na uchunguzi wa mtu yeyote aliyeitazama mashine na kazi inayofanywa nayo.

Maneno mengine yanayoshindana na sasisha yana hukumu nzito zaidi. Boresha linadai kwamba matokeo yatakuwa bora, kabla hayajaonekana. Pandisha linaleta taswira ya ngazi, ambapo anayebaki alipo ni lazima awe chini. Mtu aliyezoea mfumo wake, anayejua kila kitu kilipo, na anayemaliza kazi yake kwa wakati hana neno la kujieleza katika msamiati huu isipokuwa kukiri kwamba amechelewa, ameshuka, au amekosa ubora.

Msamiati huo huo hubadilisha pia jinsi tunavyosimulia chanzo cha tatizo. Husemwa kwamba mfumo umepitwa na wakati, au kwamba msaada umekoma. Katika sentensi zote mbili mambo hujitokea yenyewe, kama mvua kukatika. Mashine iliyofanya kazi jioni ya tarehe 14 Oktoba 2025 iliamka tarehe 15 ikiwa na uwezo ule ule. Kilichobadilika ni ahadi ya mtengenezaji. Sentensi sahihi kwa mshauri wa sera ingekuwa na mtenda: mtengenezaji ameacha kurekebisha mfumo huu bila malipo. Sentensi hiyo huzaa maswali mara moja: ameacha kwa nani, kwa bei gani anaweza kuendelea, na tuliponunua tuliahidiwa miaka mingapi? Sentensi ya “msaada umekoma” haizai swali lolote.

Kiswahili hakijakosa neno linaloeleza tendo hili kwa ukweli zaidi. Neno hilo ni hama. Anayehama nyumba anajua kwamba anaacha na anapata. Anahesabu vyombo, anapima kama kitanda kitapita mlango wa kule, anaulizia kodi, na anawaarifu wanaomtembelea. Hakuna anayehama kwa kubonyeza. Kuhamia mfumo mpya ni usemi unaobeba kazi hiyo yote bila kudai kwamba kule ni bora au kwamba huku ni duni.

4.0 Matendo matatu chini ya jina moja

Kiingereza, lugha ambayo nyaraka zetu nyingi hutafsiriwa kutoka kwake, hutenga kwa maneno mawili tendo la kupokea marekebisho ndani ya toleo lile lile na tendo la kuingia toleo jipya. Katika nyaraka zetu matendo hayo mara nyingi hukutana katika sasisha. Lipo pia tendo la tatu ambalo halipewi jina kabisa. Ni vyema tuyatazame moja moja.

Tendo la kwanza ni kupokea marekebisho ndani ya toleo lililopo. Mtengenezaji amegundua ufa, ametoa kiraka, na mtumiaji anakiweka. Kwa kawaida tendo hili halina malipo ya ziada, halihitaji mashine mpya, na huchukua dakika kadhaa. Hapa ndipo sasisha linapostahili kukaa.

Tendo la pili ni kuingia toleo jipya. Windows 11, iliyotolewa mwezi Oktoba 2021, inadai kichakataji cha biti 64, kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, uwezo wa kuwaka kwa njia salama, na chipu ya usalama inayojulikana kama TPM ya toleo la 2.0. Kwa vichakataji vya Intel, orodha ya vinavyokubaliwa inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Maana yake ni kwamba mashine iliyo nzima, yenye kasi ya kutosha kwa kuandika na kuhariri, inaweza kukataliwa kwa sababu ya chipu moja. Tendo hili basi ni uamuzi wa ununuzi. Linahusu maunzi, viendeshi vya vichapishi na vitambazo, mafunzo ya watumishi, na mahali pa kupeleka mashine zilizokataliwa.

Tendo la tatu ni kununua muda. Microsoft ilitangaza kwamba taasisi zinazobaki katika Windows 10 zinaweza kulipia marekebisho ya usalama kwa muda usiozidi miaka mitatu. Bei iliyotangazwa kwa taasisi za kawaida ni dola 61 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka. Kwa taasisi za elimu bei ni dola 1, kisha dola 2, kisha dola 4. Hesabu ni rahisi. Ofisi yenye mashine 40 italipa dola 17,080 kwa miaka yote mitatu. Chuo chenye mashine 40 kinachostahiki bei ya elimu kitalipa dola 280. Kwa chuo, kiasi hicho ni nafasi ya kupanga kuhama kwa utaratibu badala ya kukurupuka. Lakini mkuu wa chuo aliyepokea waraka wa “zisasishwe” hawezi kuifikiria njia hii, kwa sababu katika fomu yake kuna safu mbili tu.

Gharama ya kuchanganya matendo haya inaonekana pia upande wa usalama. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea duniani na kusimamisha kazi katika hospitali nyingi za Uingereza. Tukio hilo hutajwa mara kwa mara kama hoja ya kuharakisha toleo jipya. Ukweli wake unafundisha jambo lingine. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho la ufa huo mwezi Machi 2017, na mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado ukihudumiwa wakati huo. Kilichokosekana katika mashine hizo ni tendo la kwanza, lile jepesi lisilo na malipo. Ofisi inayotumia neno moja kwa yote inaweza kuahirisha rekebisho la dakika kumi kwa kudhani kwamba ni lile zoezi zito linalosubiri bajeti ya mwaka ujao. Kwa hiyo utata wa neno haudhuru pochi pekee. Unadhuru usalama ule ule unaotumiwa kuuhalalisha.

5.0 Tafsiri inayochakaa

Kuna hasara nyingine ambayo watafiti wa Kiswahili wanapaswa kuiona kuwa yao. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, jitihada mbili zilileta programu za ofisi kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice. Microsoft nayo ilitoa tabaka la Kiswahili kwa bidhaa zake. Kazi hizo zilipokewa kwa furaha, na kwa haki, kama ushahidi kwamba lugha yetu inaweza kubeba msamiati wa fani hiyo.

Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu. Kitabu kilichotafsiriwa kinabaki kimetafsiriwa. Programu ni maelfu ya vijisentensi vilivyohifadhiwa kandokando ya chanzo chake. Katika miradi mingi ya programu huria, mhandisi akibadilisha neno moja katika kijisentensi cha Kiingereza, tafsiri iliyolingana nacho huwekewa alama ya shaka. Kwa kawaida kijisentensi chenye alama hiyo hakitumiki mpaka mtafsiri akihakiki tena. Mtumiaji huoneshwa Kiingereza. Kila toleo jipya huleta vijisentensi vipya na kuvitia shaka vya zamani. Pasipo mtafsiri wa kudumu, Kiswahili hupungua katika programu bila mtu yeyote kukifuta.

Kwa upande wa Windows, Kiswahili kwa miaka mingi kimetolewa kama tabaka linalolazwa juu ya lugha ya msingi, ambayo ni Kiingereza. Sehemu ambayo tabaka halikuifikia huonekana kwa lugha ya chini. Ndiyo maana mtumiaji huweza kusoma kichwa cha dirisha kwa Kiswahili na onyo lililo ndani yake kwa Kiingereza, wakati onyo ndilo alilohitaji kulielewa zaidi.

Hapa tunaona upungufu wa sera zinazofadhili tafsiri kama mradi wenye uzinduzi na mwisho. Kuhamia toleo jipya ni tukio la kiteknolojia na pia ni tukio la kiisimu. Taasisi inayohama bila kuuliza hali ya tafsiri katika toleo jipya huenda ikajikuta imewarudisha watumishi wake katika lugha ambayo sera yake ilikusudia kuipunguzia mzigo.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kitufe chenyewe. Mara nyingi ujumbe wa kubadili mfumo humpa mtumiaji chaguo mbili, sasa au baadaye. Chaguo la kukataa halipo. Katika Kiswahili kitufe hiki kina mwangwi ambao Kiingereza hakina: “Sasisha sasa” ni sawa na kusema, kifanye kiwe cha sasa, sasa hivi. Wakati umerudiwa mara mbili. Hiari haikutajwa hata mara moja.

6.0 Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza dhidi ya msimamo huu ni kwamba kubaki katika mfumo usiorekebishwa ni hatari, na kwamba kubishana juu ya maneno ni kuchelewesha. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli, na makala haya hayaipingi. Mashine isiyorekebishwa na iliyounganishwa na intaneti ni mlango ulioachwa wazi. Lakini kinachochelewesha ni waraka usioeleweka. Idara yetu ingehama mapema na kwa usalama zaidi kama ingeambiwa kwamba inahama.

Hoja ya pili ni ya uchumi wa lugha. Watumiaji wamekwisha kulizoea sasisha, na istilahi mpya huongeza mzigo. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu sisi wa nchi za pembezoni mwa kitovu cha Kiswahili, tunaopokea msamiati kutoka Nairobi na kutoka Dar es Salaam kwa pamoja na kulazimika kuupatanisha darasani. Hata hivyo, pendekezo letu halileti neno geni. Hama ni neno ambalo mtoto analijua. Linachoombwa ni mgawanyo wa kazi kati ya maneno yaliyopo.

Hoja ya tatu ni kwamba hama limekwisha kutumiwa katika fani hii kwa maana ya kuhamisha data. Jibu ni kwamba kauli hutofautisha: data huhamishwa, bali watumiaji na taasisi huhamia. Kauli ya kutendesha inabaki kwa kinachobebwa, na kauli ya kutendea inabaki kwa anayekwenda. Lugha nyingine zingehitaji maneno mawili tofauti kwa jambo ambalo sarufi yetu inalifanya kwa kiambishi.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, mabaraza ya lugha na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yatenge istilahi tatu na kuzisambaza kwa pamoja: kusasisha kwa marekebisho ndani ya toleo lile lile, kuhamia kwa kuingia toleo jipya au mfumo mwingine, na kuongeza muda wa huduma kwa malipo yanayomwezesha mtumiaji kubaki alipo kwa usalama.

Pili, waraka wowote unaoagiza kuhamia mfumo mpya uwe na majibu ya maswali matano. Nani anahama, na kwa tarehe gani? Mashine zipi haziwezi kuhama, na zitafanywa nini? Kazi gani, vifaa gani na kumbukumbu gani vimefungamana na mfumo wa zamani? Fedha zinatoka wapi, na je, kuongeza muda kumelinganishwa na kununua upya? Hali ya Kiswahili katika mfumo mpya ikoje? Waraka usiojibu maswali haya usitiwe saini.

Tatu, mifumo huria, ambayo baadhi ya matoleo yake huhudumiwa kwa miaka mitano bila malipo na hukubali mashine za zamani, ipimwe kama mahali pa kuhamia kwa vigezo vile vile. Nayo isisifiwe kwa neno boresha. Kuhamia huko pia kuna vyombo vinavyopotea njiani.

Nne, ufadhili wa tafsiri za programu uwe wa kudumu, unaoambatana na ratiba ya matoleo, na hazina za tafsiri zihifadhiwe na vyuo vyetu wenyewe ili kila toleo lisianze upya.

8.0 Hitimisho

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii isichukuliwe kama amri ya kubaki na mkeka wa zamani hata ukichakaa. Inamtaka mtu ajue mkeka upi ni wake na upi unapita, kabla hajauviringisha mmoja. Uhakiki huu umejaribu kufanya vivyo hivyo kwa kitenzi kimoja.

Orodha yetu ya maneno haikurudi yote. Sehemu yake tuliikusanya upya kutoka katika kurasa za majaribio zilizochapwa miaka iliyopita, ambazo mhariri mmoja alikuwa amekataa kuzitupa. Mashine nne zisizosasishika zingali zinafanya kazi. Hazijaunganishwa na intaneti, na moja yao ndiyo inayoendesha kitambazo kile, kwa hiyo kadi zimeanza tena kuingizwa. Katika taarifa ya mwaka mashine hizo bado zinahesabiwa chini ya safu ya “zisizosasishwa”, ingawa hakuna hata moja iliyokuwa na safu ya kueleza kwamba, kwa kazi tuliyoipa, ilikuwa inatosha.